Kisumu hadi Eldoret, kupitia Nairobi

Kwako Mhariri,

Nilipokuwa nikifundisha Jiografia, swali nililopenda kuwategea wanafunzi lilikuwa la skeli: pima kwa rula, kisha pima kwa uzi ukifuata barabara inavyopinda. Sikujua nitakuja kulihitaji kwa mtu mzima mwenye tiketi ya ndege.

Mwezi uliopita mpwa wangu alilala kwangu hapa Chavakali. Kesho yake alitakiwa Eldoret kwa mafunzo ya kazi. Karani wa ofisi yao alikuwa ametazama mtandaoni umbali kati ya uwanja wa ndege wa Kisumu na ule wa Eldoret, akaona kilomita 79, dakika 39 angani. Akaridhika, akakata tiketi. Mstari wa chini hakuusoma: kupitia Nairobi.

Basi kijana akaamka alfajiri, akaipa Eldoret mgongo, akateremka Kisumu.

Hizo 79 sizikatai. Nimezipima kwenye atlasi na ni sahihi, kwa mstari ulionyooka. Dakika ndizo za kubuni. Ndege ya pangaboi inayokwenda kilomita 500 kwa saa ingezimaliza kwa chini ya dakika 10. Mashine ya mtandaoni huongeza nusu saa ya kupaa na kutua, ikatoa jibu. Haiulizi kama ndege yenyewe ipo. Wala haijali kwamba Kisumu iko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari na uwanja wa Eldoret umepita 2,100, hata rubani angekuwa bado anaukwea ukingo wa Nandi abiria wakiambiwa wafunge mikanda ya kutua.

Kisumu hadi JKIA, uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi, ni kama kilomita 280 angani, na kutoka hapo hadi Eldoret kama 270. Jumla 550, karibu mara saba ya zile za karani. Na katikati yake, saa kadhaa za kukodolea macho ubao wa ratiba.

Saa mbili asubuhi nikaona amesahau koti kitini. Nikampa dereva wa matatu ya Eldoret pale stejini. Njia ni Serem, Kapsabet, na uwanja wa ndege unaukuta kando ya barabara hiyo hiyo, kilomita 16 hivi kabla ya mjini. Koti likaachwa kwa mama muuza ndizi karibu na lango kabla ya saa sita. Mwenyewe alitua saa tisa alasiri.

Mhariri, mnapochapa umbali kati ya viwanja, andikeni kando kama ni wa rula au wa uzi. Na mkitaja dakika, hakikisheni kuna ndege inayozifuata. Hata Kisumu hadi Nairobi, hizo dakika 50 za ratiba hazihesabu boda ya kwenda uwanjani, kukaguliwa, wala foleni ya magari ukishafika. Bado ni afadhali kuliko kilomita 350 za barabara, hilo silibishi.

Tiketi ya kurudi nayo ilikuwa imelipiwa kupitia Nairobi. Mpwa wangu hakuitumia. Nilimpokea stejini Chavakali kabla jua halijatua, koti begani, akaniambia, "Mjomba, usimwambie mama."

Mwalimu mstaafu,
Chavakali, Vihiga