Mgonjwa wa ajali aulizwe kuhusu bangi askari akishatoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo sisi wauguzi wa wodi za majeruhi tunaliona mara kwa mara na kulinyamazia.

Mwezi uliopita tulimpokea kijana wa bodaboda, kavunjika mfupa wa paja. Tulimlaza mguu ukivutwa kwa mzigo, akisubiri zamu yake ya upasuaji. Nikamuuliza ya kawaida: sigara, pombe, bangi? Askari aliyekuja na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Kijana akamtupia jicho, akasema hatumii chochote. Usiku wa manane, nikimbadilishia shuka, akanishika mkono.

"Sista, nilikudanganya. Navuta. Hata asubuhi ile nilikuwa nimevuta msokoto."

"Mdogo wangu, hilo ni la daktari, si la polisi."

Simlaumu kwa kuogopa. Kwa sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, msokoto ni kesi.

Lakini daktari asipojua, anatibu gizani. Mtu aliyevunjika paja na kulala bila kuinuka tayari yuko hatarini damu yake kuganda ndani ya mishipa ya mguu. Bonge likikatika hupanda hadi kwenye mapafu, na mgonjwa aliyekuwa akiongea na ndugu zake saa ya kuona wagonjwa anaanza ghafla kuhema kama aliyekimbia. Mwaka 2020 madaktari wa upasuaji wa Marekani walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za majeruhi: waliokutwa na bangi mwilini walipata mabonge hayo zaidi ya wenzao. Haithibitishi kuwa bangi ndiyo chanzo, na maabara nyingine zimeona kinyume, kwamba bangi huzipunguzia nguvu chembe sahani zinazogandisha damu. Kwangu mvutano huo ni sababu ya kuuliza zaidi, si ya kupuuza.

Kuna na dawa zenyewe. Mgonjwa akianzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huku ndugu wanampenyezea bangi, ini huchelewa kuiondoa dawa, damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Tena mvutaji huweza kuhitaji dawa ya usingizi kwa wingi zaidi. Mwongozo wa wataalamu wa ganzi wa Marekani wa mwaka 2023 unataka kila anayefanyiwa upasuaji aulizwe kuhusu bangi, na upasuaji usio wa dharura usogezwe angalau saa 2 tangu alipovuta, kwa ajili ya moyo.

Kijana wetu alikubali nimwambie daktari. Iliandikwa kwenye faili. Sindano ya tumboni ya heparini, nayo ya kuzuia damu kuganda, haikurukwa hata siku moja, na kila asubuhi nilimpima mashavu ya miguu yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, nikiandika tofauti. Mguu uliovimba ungejulikana mapema.

Nawaomba matroni na waganga wafawidhi mambo mawili, na hayagharimu hata shilingi. Swali la bangi liwe kwenye fomu ya kulaza mgonjwa, pembeni ya sigara na pombe. Na liulizwe pazia likiwa limefungwa, askari akiwa nje ya wodi, kwa sauti ambayo kitanda cha pili hakiisikii.

Muuguzi, wodi ya majeruhi wanaume,
Dar es Salaam