Mhariri, paterni bila kipimo cha sampuli haifumiki

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu zile paterni, yaani maelekezo ya kufuma, za masweta, kofia na skafu mnazotutolea kila vuli ikikaribia. Kwanza hongereni sana, tunaofuma tupo wengi na magazeti mengi ni kama hayatuoni, nyie mmetupa ukurasa mzima, picha zinavutia na maelezo ya mishono yanaeleweka. Ila kuna kitu mnakiacha kila mara na kinaniuma kwa kweli, nacho ni kipimo cha sampuli, yaani kipande cha majaribio kinachoonyesha mishono na mistari mingapi inaingia kwenye sentimita 10. Mnaandika tumia uzi wa unene wa wastani, anzisha mishono 220, fuma mpaka kwapani. Sasa hiyo 220 kwa mkono wa nani?

Tuifanyie hesabu hiyo hiyo 220. Kama aliyebuni paterni alikuwa anapata mishono 22 kwenye sentimita 10, basi sweta lake lina mzunguko wa sentimita 100. Mwenye mkono mlegevu anayepata 20 atatoka na sweta la sentimita 110, na yule anayekaza uzi akapata 24 atatoka na kama sentimita 92 hivi. Uzi ule ule, sindano zile zile, idadi ya mishono ile ile, na kati ya hao wawili kuna tofauti ya sentimita 18, yaani mmoja sweta linamwelea na mwingine halifungi, na wote wamefuata gazeti neno kwa neno. Mtu anayeanza atasema hana kipaji cha kufuma, anaweka sindano kabatini, basi. Wakati alichokosa ni mstari mmoja tu wa maandishi: mishono mingapi na mistari mingapi kwa sentimita 10, kwa sindano ya milimita ngapi.

Na tafadhali iwe milimita kweli, hizi namba za sindano zinachanganya watu. Sindano namba 8 ya Marekani ni milimita 5, namba 8 ya mpango wa zamani wa Uingereza ni milimita 4. Kwa Wamarekani namba ikipanda sindano inanenepa, kwa ule mpango wa zamani wa Uingereza namba ikipanda sindano inakonda, na wengi tunafumia sindano tulizoachiwa na mama na bibi zetu ambazo zimeandikwa namba tupu. Upande wa krosheti, ule ufumaji wa sindano moja ya ndoana, majina ya mishono ni hivyo hivyo, dabo ya Uingereza ndo singo ya Marekani, na trebo ya Uingereza ndo dabo ya Marekani, kwahiyo paterni isiposema inafuata wapi mtu anaweza kufuma shali zima mistari ikawa mifupi au mirefu kuliko ilivyokusudiwa. Semeni tu juu kabisa mnafuata mpango gani, yatosha.

Sasa niwageukie wafumaji wenzangu, maana mhariri akituwekea kipimo halafu sisi tukakiruka itakuwa kazi bure. Najua sampuli haipendwi. Mtu ameshapata uzi wake mzuri rangi ya kutu au haradali, mikono inamuwasha, anataka aanze sweta leo leo, habari ya kufuma kipande cha mraba kisichovaliwa anaona anacheleweshwa. Lakini angalieni kinachotokea kwenye hicho kipande kikifumwa sawasawa. Unaanzisha mishono mingi kuliko ile ya sentimita 10, tuseme 30 au zaidi, kwa sababu mishono ya pembeni huwa inavutika na haisemi ukweli, kisha unafuma mpaka kipande kiwe kama mraba. Halafu unakiosha vile vile utakavyoliosha sweta, hapa ndo wengi wanaruka, unakibana kwenye taulo kitoke maji, unakilaza kikauke bila kukivuta. Kikishakauka ndo unaweka rula katikati, mbali na kingo, unachomeka pini kwenye sifuri na pini kwenye 10, unahesabu vile vi-V kimoja kimoja, kila kimoja ni mshono, na kama kuna nusu mshono unaihesabu, usiiachie, nusu mshono kwa kila sentimita 10 kwenye sweta la mita moja ni mishono 5. Ukipata mishono mingi kuliko paterni panda sindano, ukipata michache shuka, ufume tena. Usijilazimishe kulegeza au kukaza mkono, ukifika mstari wa ishirini mkono utarudi ulikozoea.

Kwanini kuosha? Kwa sababu nyuzi zina tabia. Sufu ikilowa inatulia, mishono inajipanga, na ile sufu iliyotiwa dawa isigandamane kwenye mashine mara nyingi inarefuka ikishika maji. Pamba ni nzito na haina mnyumbuko wa kurudi, kwahiyo sweta refu la pamba linashuka kwa uzito wake lenyewe. Alpaka, yaani sufu ya yule mnyama wa jamii ya ngamia, ina joto zuri sana ila inaning'inia, mimi siipendi kwa sweta zito, naipenda kwa skafu na shali. Akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani, haibadiliki sana kwa maji ila msiipitishie pasi ya moto, inalala na hairudi tena. Ndo maana nasema paterni ikitaja "uzi wa wastani" haijasema kitu, tuambieni ni wa nini na gramu 50 zina mita ngapi, maana bonge la gramu 50 laweza kuwa na mita 100 na lingine la gramu hizo hizo likawa na mita 200, ukisema "mabonge sita" mmoja atabakiza na mwingine ataishiwa mkono wa pili haujaisha. Na akirudi kutafuta bonge la saba anakuta namba ya loti kwenye lebo, yaani kundi lililotiwa rangi pamoja, ni nyingine, rangi zinapishana kidogo na kwenye sweta inaonekana.

Halafu kuna haya masweta ya kufumwa kwa mzunguko yenye nakshi ya rangi kuzunguka mabega, ule mtindo wa Iceland, vuli kila mtu anautaka na kwa kweli unapendeza. Hapo sampuli ya kwenda na kurudi haitoshi. Ukifuma kwa mzunguko unafuma upande wa mbele tu, na wengi wetu mishono ya mbele na mishono ya kinyume mkono haukazi sawa, kwahiyo kipimo kinabadilika. Na ukiingia kwenye rangi mbili kitambaa kinakaza zaidi kwa sababu uzi usiotumika unapita kwa nyuma, ukiuvuta kidogo tu mabega yanabana. Fumeni sampuli ya nakshi yenyewe kwa mzunguko, uzi wa nyuma uacheni ulegee, na ukipita zaidi ya sentimita mbili na nusu hivi uushike katikati usije ukanasa vidole. Ikibidi pandeni sindano moja sehemu ya nakshi. Tena hapo msihesabu mishono tu, hesabuni na mistari, kwa sababu kina cha mabega kinatokana na mistari na kwapa ikiwa juu mno hakuna dawa ila kufumua.

Faida nyingine ya sampuli hamjaitaja kabisa kwenye ukurasa wenu, kwamba ukiwa nayo hata paterni unaweza kuiacha. Elizabeth Zimmermann, mwanamama mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, alifundisha watu kupanga sweta zima kwa asilimia: mzunguko wa kifua ndo mia, kifundo cha mkono karibu na kiganja 20, juu ya mkono kama 33, shingo kama 40. Mtu kifua chake kikihitaji mishono 200 basi anaanzia mishono 40 kiganjani, anaongeza taratibu mpaka 66, shingo anafungia 80. Uzi wowote, saizi yoyote, mradi sampuli ni ya kweli. Mkituwekea somo kama hilo mara moja tu, wasomaji watalikata na kulitunza miaka.

Mwisho mhariri, mkiandika saizi msiishie kwenye "ndogo, kati, kubwa". Andikeni kifua cha mvaaji sentimita ngapi na sweta lenyewe sentimita ngapi, maana kuna sweta la kubana na kuna la kuvaliwa juu ya shati lenye nafasi ya sentimita 10. Na kama nafasi kwenye ukurasa ni finyu, punguzeni picha moja ya yule mrembo aliyevaa, mtuwekee picha ya sampuli na rula juu yake.

Wasalaam,
Mfumaji, msomaji wenu wa siku nyingi