Barua ya wazi kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Tabora: tafiti za Tabora zisomwe Tabora

Ndugu Katibu Tawala,

YAH: NAKALA ZA TAFITI ZINAZOFANYIKA MKOANI KWETU, NA MKUTUBI WA KUZITUNZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Tabora mjini. Kila muhula wa pili ninasimamia tafiti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nakuandikia wewe kwa sababu ofisi yako ina nafasi ambayo hakuna chuo chochote mkoani kinayo: kila mtafiti hupita kwako. Awe ametoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kibali, au amekuja na barua ya chuo kikuu chake, hawezi kwenda Sikonge kuwahoji wafuga nyuki wala Kaliua kuhesabu mabani ya kukaushia tumbaku mpaka ofisi yako imtambulishe wilayani. Ninachoomba ni kwamba mtafiti huyo akimaliza kazi, nakala ya alichokiandika irudi mkoani, iwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Tabora ataingia, ataketi na kuisoma.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili linanikosesha usingizi.

Wanafunzi wangu huandika sura ya kwanza vizuri. Kijiji wanakijua, bei ya asali wanaijua, wengine wamesomeshwa kwa fedha za tumbaku. Wakifika sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, wanakwama. Mtoto wa watu anafungua simu, anaandika maneno mawili matatu ya Kiingereza, na bando linamwishia akisoma habari za nyuki wa Ethiopia. Akibahatika kuona makala inayomfaa, anaonyeshwa ikisiri tu, yaani muhtasari. Iliyobaki inadaiwa dola. Hapo ndipo anapokwenda steshenari. Nina hakika unajua kinachouzwa huko: sura ya pili iliyokwisha kuandikwa, ya mtu mwingine, kuhusu wilaya nyingine, iliyobadilishwa majina ya vijiji. Wapo walimu wenzangu wanaosema vijana wa siku hizi ni wavivu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kijana aliyezunguka vijiji vya Sikonge juani akiwa na hojaji mkononi si mvivu. Hakuonyeshwa njia.

Na maandiko yapo. Chukua Urambo. Mwanafunzi anayetaka kueleza jinsi tumbaku ilivyoshika wilaya ile ana habari nyingi kuliko anavyodhani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, mashamba yakiwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka 1948 mpango ukakabidhiwa shirika la umma lililoitwa Overseas Food Corporation, na kufikia 1951 ulikuwa umeshindwa. Urambo ikaelekezwa kwenye tumbaku. Ripoti za mpango ule ziliandikwa kwa wingi, lakini anayetafuta "tumbaku Urambo" hatakutana nazo, kwa kuwa zimeorodheshwa kwa jina la shirika, na zao linalozungumziwa ni karanga. Vivyo hivyo kwa anayetafuta habari za mji wetu huu. Taarifa nyingi za Waingereza ziko chini ya Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa hapa Tabora, na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke, waliopita mwaka 1857, waliuandika mji huu kwa jina la Kazeh.

Nani atamwambia mwanafunzi hayo? Mkutubi. Mtu aliyesomea kazi hiyo, anayeweza kukaa naye nusu saa na kumuuliza: unataka kujua nini hasa? Nani angekuwa na sababu ya kuliandika jambo hili? Wakati ule alikuwa akiliitaje? Nimeona wanafunzi waliopata nusu saa ya namna hiyo wakirudi kwangu na vyanzo ambavyo hata mimi msimamizi wao sikuwa navijua.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, maana halihitaji hata fedha. Tangu mwaka 2002 wachapishaji wakubwa wa majarida ya kisayansi wamekuwa wakiyafungua kwa nchi za kipato cha chini kupitia mpango ambao leo unaitwa Research4Life. Walianza na afya, mwaka 2003 wakaongeza kilimo, baadaye mazingira na fani nyingine. Tanzania imo katika kundi lisilolipa kitu. Vyuo, vituo vya utafiti, hospitali na ofisi za serikali wote wanastahili. Lakini anayesajiliwa ni taasisi. Mwanafunzi mmoja mmoja hawezi kujisajili. Nywila hupewa taasisi, na mwenye kuitunza na kuigawa kwa kawaida ni mkutubi. Sasa mahali pasipo na mkutubi, nani atajaza fomu? Kuna chuo kimoja mkoani, sitakitaja, ambacho chumba cha maktaba kina kompyuta nzuri zilizofunikwa vitambaa, na ufunguo anao mhasibu. Wanafunzi wa pale wanadaiwa dola kwa makala ambazo chuo chao kina haki ya kuzipata bure.

Yapo na mengine yasiyodai hata usajili: African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka 1998 kukusanya majarida ya bara letu, na tasnifu za Chuo Kikuu Huria zilizowekwa mtandaoni. Mwanafunzi akielekezwa mara moja tu, hasahau.

Narudi kwenye ombi langu. Tabora ni mji wa vyuo: tuna chuo kikuu cha AMUCTA, tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, chuo cha ualimu, chuo cha ufugaji nyuki, na pale Tumbi tuna kituo cha utafiti wa kilimo. Maktaba ya Mkoa nayo ipo, na inampokea hata asiye mwanafunzi wa chuo chochote. Naomba iongezwe aya moja tu katika barua ya utambulisho inayotoka ofisini kwako, kwamba mtafiti atakabidhi nakala ya PDF ya taarifa yake ya mwisho. COSTECH hudai taarifa kwa watu iliowapa vibali, lakini hizo huenda makao makuu, na kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Wakurugenzi wa halmashauri zetu 8 nao waombwe kuleta taarifa zisizo za siri: tathmini za misitu, wasifu wa wilaya, upembuzi wa miradi ya maji. Yote hayo ni vyanzo halali vya sura ya pili, na sasa hivi yanaliwa na mchwa kwenye makabati.

Najua litaulizwa suala la fungu. PDF haihitaji jengo. Kompyuta moja na diski mbili za akiba vinatosha kuanzia. Gharama yenyewe ni mtu. Chuo cha ukutubi cha SLADS kule Bagamoyo kinafundisha watu wa kazi hii, na mkutubi mmoja anaweza kulipwa kwa mchango wa vyuo vyote vya mji huu, akahudumia wote, akashughulikia usajili wa kila taasisi, na akazunguka kufundisha kila muhula unapoanza. Sharti langu ni moja, na nalisema bila kuuma maneno: asipopatikana mtu huyo, msinunue kompyuta kwanza.

Litaulizwa pia suala la siri na haki ya mwandishi. Ni haki kuulizwa. Majina ya waliohojiwa yaondolewe, na mtafiti anayesubiri kuchapisha kazi yake apewe muda kabla haijafunguliwa kwa wasomaji. Lakini wananchi wetu waliokaa saa nzima kivulini wakijibu maswali nao wana haki ya kujua majibu yao yaliandikwaje.

Iwapo aya hiyo itaingia kwenye barua za utambulisho kabla ya wanafunzi wangu kwenda vijijini, nitahakikisha wao ndio wa kwanza kurejesha nakala, na nitazileta ofisini kwako kwa mkono wangu. Niko tayari pia kuandaa rasimu ya aya yenyewe na kukaa na wakuu wa vyuo siku yoyote utakayowaita.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa chuo,
Tabora