Yaya, zilikuwa zimebaki siku 11

Yaya,

Dada yangu mkubwa, kadi ya jubilei ya nadhiri zako imefika. Kijana wa parokia aliileta jana jioni, bahasha nyeupe, juu yake mmeandika "Familia ya Masera", yaani ya sista, wewe. Niliigeuza mara mbili nikitafuta jina langu. Familia ni nani sasa? Papa hayupo, Mama hayupo, kaka yetu yuko Kalemie na tangu Pasaka yuko kimya. Familia ni mimi. Ungeandika jina langu tu, nafasi ilikuwepo.

Ninakuandikia hapa mbele ya watu kwa sababu nikipiga simu konventi yenu huko Goma anapokea mwingine, ananiuliza ni nani anayekutaka. Nikisema "mdogo wake", ananijibu kwa upole kabisa: "Sisi wote hapa ni wadogo zake na wakubwa zake." Hana kosa, ndivyo mlivyofundishwa, na ninaamini mnapendana kweli. Lakini wewe una dada wengi sana. Mimi nilipewa mmoja.

Unakumbuka ulivyokuwa unanisimulia habari za Anuarite, yule masera wa kwetu Kongo, umeme ukikatika, tumelala kitanda kimoja, miguu yako ya baridi juu ya yangu? Kwamba nyumbani aliitwa Nengapeta. Kwamba siku ya kuandikishwa shule alipelekwa na mkubwa wake, na masera aliyekuwa anaandika majina akachanganya, akampa mdogo jina la mkubwa. Kwa jina hilo la kukosewa akaweka nadhiri, kwa jina hilo akauawa kule Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na kwa jina hilo Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mwenye heri Kinshasa mwaka 1985. Mimi sikujali mambo ya Isiro, nilikuwa mtoto. Nilikuuliza: sasa yule mkubwa alibaki na jina gani? Ukasema, "Alibaki nalo pia. Jina halipungui likigawanywa." Nikalala vizuri usiku ule. Na asubuhi yake ni wewe uliyenishika mkono mpaka darasa la kwanza, na kiatu changu kimoja kilikuwa chako cha zamani, umekijaza karatasi mbele.

Kwa hiyo usiniambie nimesahau mema yako. Siyasahau. Ndiyo maana lile jingine linauma.

Agosti ya mwaka 2000. Ulikuwa na miezi mitano tu katika unovisi, mafunzo ya kabla ya nadhiri. Ulifika kwenye kilio cha Papa na kitambaa cheupe kichwani, mama wa jumuiya wakasimama kukupisha kana kwamba ni Askofu anapita. Ulikaa siku nne. Uliosha sufuria, ulitwanga sombe pamoja na wengine, ulilala chini kwenye mkeka na Mama. Nilidhani umerudi. Nilikuwa na miaka 13, hakuna aliyenieleza kitu.

Siku ya tano asubuhi gari likapiga honi chini barabarani. Unajua kule kwetu Kadutu, hapa Bukavu, gari halipandi mpaka nyumbani. Ulikuwa umeshafunga kifurushi chako. Nilikushika gauni pale mlangoni, kwa mikono miwili, nikakaza. Hukunipiga, hukunifokea, hata hukulia. Uliinama, ukaanza kuvifungua vidole vyangu kimoja kimoja, ukianzia kidole kidogo. Ulinukia sabuni ya kufulia. Ukifungua cha tatu, cha kwanza kinashika tena, nawe unarudi kukifungua. Ukasema, "Niachie, wananingoja." Halafu ukateremka kilima kwa haraka, huku umeshika kitambaa kisipeperushwe.

Mama alikuuliza mbele yangu usiku uliotangulia: hawawezi kukuongezea hata wiki moja? Ukajibu hawawezi, ni sheria.

Niliishi na jibu hilo miaka mingi. Sheria ni sheria, nikasema, Kanisa si letu. Mpaka siku moja, kwenye mafunzo ya walei, padiri mmoja akatusomea sheria yenyewe, kanoni ya 649. Novisi akikaa nje ya nyumba ya unovisi zaidi ya miezi mitatu, unovisi wake ni batili. Akizidisha siku 15, siku hizo lazima zifidiwe. Wengine waliandika kwenye madaftari. Mimi nilihesabu vidole chini ya meza. Kumi na tano kutoa nne.

Zilikuwa zimebaki siku 11, Yaya.

Najua utakavyonijibu. Utasema siku 15 ni mpaka, hazikuwekwa kama likizo. Kwamba ruhusa hutolewa na mkubwa wa nyumba, na msichana aliye katika mafunzo hasimami kudai. Sawa. Ulikuwa na miaka 21, ulikuwa unaogopa kurudishwa. Hayo yote nimekueleza mimi mwenyewe kichwani mwangu, kwa sauti yako. Lakini hukuomba. Ungeomba wakakataa, leo ningekuwa nimewakasirikia wao, nisingekukasirikia wewe.

Mwaka uliofuata ukaweka nadhiri za kwanza. Baba mdogo alisema maneno yake ya siku zote: binti kaolewa, ng'ombe ziko wapi? Mama akamjibu kwamba anayeoa ni Mungu na ng'ombe zote ni zake. Watu wakacheka, lakini nilimwona usiku anahesabu pesa kwenye fundo la kikwembe. Alikuwa amesikia kwamba wazazi wa Anuarite walitoa mbuzi wawili siku ya nadhiri za binti yao, kwa furaha, naye alitaka hata mmoja. Hakuweza. Alipeleka kuku na kikapu cha maharagwe, akakaa benchi la nyuma ili asionekane na wazazi wengine. Hujawahi kuambiwa hilo. Alinikataza.

Ya pesa siyaongelei sana. Nilikuomba minervali, ada ya shule ya mwanangu, ukanitumia rozari, nikakaa mwaka mzima bila kukusalimu. Baadaye nikaelewa: mshahara wako wa ualimu ni wa shirika, unapita kiganjani mwako tu. Kanoni nyingine hiyo, ya 668. Rozari bado ninayo. Hapo tumemalizana.

Sasa la 2019. Watu wa familia wanalisema mgongoni mwangu, afadhali nilitaje mwenyewe. Ndiyo, nilikuambia kwa kuchelewa. Mama alifariki Jumanne usiku, nami nilikupigia Alhamisi saa tatu asubuhi, siku ya mazishi, wakati boti ya haraka ya asubuhi ilikuwa imeshatoka Goma. Niliwaambia watu mtandao ulisumbua. Haukusumbua. Simu ilikuwa mkononi Jumatano kutwa nzima, na namba ya konventi naijua bila kuitafuta.

Lakini nisikilize. Ni mimi niliyemgeuza Mama kitandani miezi minane. Ni mimi niliyepanda naye kilima mgongoni alipotoka hospitali, kwa sababu mbebaji alitaka pesa ambazo sikuwa nazo. Nilijua ungekuja na masera sita, mngeimba vizuri, kila mtu angesema mazishi mazuri, na siku ya tano honi ingelia chini. Sikuweza kuiona mara ya pili. Nilitaka uje ubaki, au usije. Mwenye kuuguza ana haki kidogo, si kweli? Ulifika jioni, udongo bado umelowa, ukapiga magoti peke yako na kiatu kimekwama matopeni. Nilikuangalia kutoka kwa jirani. Sikushuka.

Kila tarehe 1 Desemba mahubiri ni yale yale: Anuarite alimsamehe aliyemwua papo hapo, akiwa anapigwa. Mimi hukaa pale kanisani nikijiuliza kwa nini kumsamehe askari asiyekujua kuwe kwepesi hivyo, na dada aliyeniogesha akiwa na miaka minane kuwe kugumu hivi.

Wenye binti katika mafunzo, ninaomba mnisikie: wadogo waliobaki nyumbani waelezeni mambo. Waambieni anaondoka lini na kwa nini. Mngenieleza mimi... Lakini nani angenieleza, Mama alikuwa mjane wa siku nne. Na wewe ulikuwa mkubwa wangu, hiyo kazi ilikuwa yako. Ningeelezwa, nadhani Jumatano ile ningepiga simu.

Februari ya mwaka 2025, vita vilipoingia Bukavu, wewe ndiye wa kwanza kunipigia. Goma yenu ilikuwa imeshaanguka wiki chache kabla, nanyi mlikuwa mmelaza watu mpaka kwenye korido. Uliniambia, "Lala chini, mbali na dirisha, weka watoto upande wa ukuta." Halafu ukaanza Salamu Maria, nami nikaitikia, risasi zikilia, mpaka yuniti zikaisha katikati ya fumbo la tatu. Niliendelea peke yangu. Nilijua na wewe unaendelea kule. Tangu siku ile hatujasemeshana tena hivyo, tumerudi kwenye salamu za sikukuu.

Nitakuja kwenye Misa. Nitavaa kikwembe cha Mama cha bluu, kile chenye alama ya pasi pindoni, ili unione kutoka altareni. Usiniwekee nafasi ya mbele na wageni. Baada ya Misa usije na wenzako kunisalimu, njoo peke yako, na ukiniuliza habari ya Jumatano ile nitakujibu. Na wewe unijibu ya zile siku 11.

Mbuzi nimenunua juzi sokoni Kadutu. Wawili, dume na jike. Nimewafunga nyuma ya nyumba chini ya mparachichi, wanakula maganda ya ndizi. Usiku yule jike analia, majirani wameanza kuuliza sherehe ni ya nani.