Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wiki za Kwanza Baada ya Kutoka Wodini

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wagonjwa wa moyo, ndugu mnaouguza, na wenzetu mliosafiri kutoka Tukuyu, Kyela, Makambako na Mafinga, nawasalimu wote. Poleni na safari, poleni na baridi ya Mbeya. Naomba tusimame dakika moja kuwakumbuka wenzetu waliotutangulia mwaka huu.

Ya ofisi nitayapitia haraka. Kamati imekutana kama katiba inavyotaka, ada zinaingia kwa kusuasua, na hesabu atawasomea mweka hazina. Kilichotushughulisha zaidi ni darasa. Kila mwezi daktari na muuguzi waliojitolea walikaa nasi wakatufafanulia tafiti za moyo kushindwa kusukuma damu, na maswali yenu yaliwachelewesha kurudi nyumbani mara nyingi. Nawashukuru mno. Darasa hilo ndilo limezaa pendekezo ambalo leo tutalipigia kura: mfuko wetu wa dharura, ambao hadi sasa umeishia zaidi kwenye misiba na kukodi gari la kumkimbiza mtu aliyezidiwa, uanze kwa kulipa nauli na vipimo vya mwanachama katika wiki sita za kwanza baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali.

Nieleze kwa nini. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao STRONG-HF, uliofanyika katika nchi 14, zikiwemo jirani zetu Msumbiji, pamoja na Nigeria na Afrika Kusini. Wagonjwa waliolazwa kwa moyo kushindwa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. La pili liliongezewa dozi ya dawa za moyo hadi kufikia kiwango kamili ndani ya wiki mbili tangu kuruhusiwa, huku wakirudi kupimwa mara kwa mara. Baada ya siku 180, waliofariki au kulazwa tena kwa sababu ya moyo walikuwa asilimia 23.3 katika kundi la kawaida, na asilimia 15.2 katika kundi lililofuatiliwa kwa karibu. Wasimamizi waliusimamisha utafiti kabla ya wakati, kwa kuwa faida ilishaonekana wazi.

Sasa tujiangalie. Mwenzetu anaruhusiwa miguu ikiwa imeshanywea na pumzi imerudi, anapewa dozi ya kuanzia na tarehe ya kliniki. Tarehe ikifika, nauli hakuna, au ni msimu wa kuvuna, au anajiona amepona. Anabaki na dozi ile ndogo mpaka maji yanapojaa tena kwenye mapafu. Dawa zenyewe nyingi si ngeni. Enalaprili, dawa ya presha inayoupunguzia moyo mzigo, ilipimwa kwa wagonjwa mahututi wa moyo 253 wa Finland, Norway na Sweden, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987: ndani ya miezi sita walifariki asilimia 44 ya wasioinywa, na asilimia 26 ya walioinywa. Inaniuma sana kuona mtu anazikwa ilhali dawa ya umri huo ipo na yeye hajawahi kuongezewa dozi.

Kuna siku tuliwaomba mje na dawa zote mlizonazo nyumbani. Mama mmoja wa Rungwe alifungua pindo la khanga akazimwaga mezani: dawa ya kukojoza kwenye bahasha ya kaki, enalaprili iliyokatwa kwa mkasi kwa vile alinunua ya siku chache tu, boksi la dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya kisukari, ambalo halijafunguliwa, na diklofenaki ya maumivu ya goti. Akamwambia muuguzi, "Hii ya sukari siinywi, mwanangu, mimi sina sukari." Muuguzi na daktari hawakumlaumu. Walimweleza kwamba katika utafiti wa DAPA-HF wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 4,744, zaidi ya nusu hawakuwa na kisukari, na bado dawa hiyo ilipunguza kwa asilimia 26 hatari ya kuzidiwa au kufa kwa moyo. Kilichotolewa mezani kilikuwa diklofenaki, kwa sababu huufanya mwili ushikilie chumvi na maji na huzielemea figo. Siku hiyo wengi mlichungulia mifuko yenu.

Vipimo navyo si anasa. Spironolaktoni, dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini, ilipunguza vifo vya wagonjwa wa moyo kwa asilimia 30 katika utafiti wa RALES wa mwaka 1999. Lakini ilipoanza kutumika kwa wingi kule Ontario, Kanada, wagonjwa wazee waliolazwa kwa potasiamu kuzidi kwenye damu waliongezeka kutoka 2.4 kwa kila 1,000 mwaka 1994 hadi 11 mwaka 2001. Potasiamu ikizidi, moyo unaweza kusimama ghafla. Sisi tunaokula ndizi na parachichi, zenye potasiamu nyingi, karibu kila siku, na wengine figo zimeshachoka kwa presha, hatuwezi kuongezewa dawa hiyo bila damu kupimwa.

Wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio, msiache warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mkisikia kuna dawa mpya isiyohitaji vipimo. Utafiti wa INVICTUS, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24, ulionyesha mwaka 2022 kuwa waliobaki na dawa za kundi la warfarini walifariki wachache kuliko waliopewa dawa mpya.

Wapo watakaosema huu ni ugonjwa wa uzeeni, tuwasaidie kwanza vijana. Utafiti wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2014, wenye wagonjwa 427, ulikuta wastani wa umri ni miaka 55, na presha ndiyo chanzo kwa asilimia 45. Huo ni umri wa watu wetu wa shamba na wa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, ambao bado wanasomesha watoto. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wa utafiti huo walikuwa na upungufu wa damu, kwa hiyo kamati inaomba wingi wa damu nao uingie katika vipimo vitakavyolipiwa.

Pendekezo likipita, mwanachama akiruhusiwa, msindikizaji wake ampigie katibu siku hiyohiyo. Kila mmoja apime uzito asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, na kuuandika. Uzito ukipanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, asisubiri tarehe ya kliniki. Mizani ya kuazima iko kwa wenyeviti wa matawi. Karatasi za kura zitagawiwa baada ya mweka hazina kusoma hesabu.