Mama yule alihesabu: barua kwa vijana wa biashara wa Newala

Wanangu na wajukuu zangu mnaouza stendi, sokoni na kwenye vibanda vya barabara ya Masasi,

Assalamu alaikum. Na ninyi ndugu zetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo.

Arobaini ya mama yetu wa duka imepita. Siku ile niliombwa niseme neno nikashindwa, koo lilinikauka. Sasa naandika, na aliye na babu asiyeona vizuri amsomee.

Matangani tulikaa mkeka mmoja siku tatu. Nikawasikia mkisema marehemu alikuwa mtu wa kutoa bila kuhesabu. Wote mkaitikia. Kisha mmoja wenu akasema kwa sauti ya chini kwamba ndiyo maana duka lake halikukua, na kwamba yeye hawezi biashara ya namna ile kwa sababu ana watoto wa kulisha. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba, lakini maneno yale yameninyima usingizi. Mimi nimekuwa karani wa mizani katika chama cha msingi, ushirika wetu wa wakulima wa korosho, tangu ndevu zangu nyeusi. Hesabu naijua. Mama yule alihesabu kila kitu, hadi kijiti cha kiberiti.

Alianza na meza, enzi za ruksa, Rais Mwinyi alipofungua biashara katikati ya miaka ya themanini. Ninyi hamkuyaona ya kabla ya hapo, sukari na sabuni vikipangiwa foleni tangu alfajiri. Mezani pake palikuwa na chumvi, viberiti, na mafuta ya taa ya kupima kwa kibaba. Meza ikawa kibanda, kibanda kikawa duka lenye mlango wa bati mnaoujua.

Nataka mlijue lile daftari. Huku kwetu fedha huja mara moja kwa mwaka. Mikorosho ikitoa maua kuanzia Juni, korosho zikadondoka, mnada wa kwanza ukaja Oktoba, basi watu wananunua mabati na kuoza mabinti. Ifikapo Januari shule zinafunguliwa, mtoto anataka sare na madaftari, mahindi ya shamba bado mabichi, na mfuko mtupu. Miezi hiyo hadi Machi ndiyo inayompima mwenye duka. Marehemu aliikopesha miezi hiyo. Lakini hakukopesha kila kitu. Unga, chumvi, sabuni, mafuta, madaftari ya shule, panadoli: hivyo aliandika. Soda, sigara na vocha hakuandika hata ungelia. Mimi mwenyewe, umri huu, aliwahi kuninyima betri za redio. Nilinuna wiki nzima. Wiki hiyohiyo akamwandikia jirani yangu unga wa watoto sita, na nikaelewa betri zangu zimekwenda wapi.

Kila deni liliandikwa mbele ya mkopaji, kwa shilingi. Asiyejua kuandika alichora alama yake mwenyewe: huyu jembe, yule samaki, mwingine jua. Alama hizo zilianza kwa kosa. Mwaka fulani aliandika deni la mtu kwa jina la mwingine, majina yenyewe yakifanana, akamdai asiyehusika mbele ya watu. Alipogundua, alimfuata yule bwana barazani kwake na kumwomba radhi mbele ya walewale waliosikia akidaiwa. Tangu hapo hapakuwa na deni bila alama ya mwenye deni. Na wale wa jembe na samaki aliwasukuma hadi wakajifunza kuandika majina yao. Kuna bibi mmoja wa mtaa wetu ambaye saini yake ya kwanza maishani imo katika daftari lile, chini ya kilo mbili za unga.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo kiini cha barua yangu. Baadhi yenu mnafanya kangomba. Nawajua, na ninyi mnajua kuwa nawajua. Mnakwenda kwa mkulima mwezi wa pili, watoto wake hawajala, mnampa elfu kumi, naye anaahidi kilo kumi za korosho msimu ukifika. Mnasema mmemsaidia. Haya, tuhesabu. Mwaka 2018 serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kilo kumi ni elfu thelathini na tatu. Umempa elfu kumi, umechukua thelathini na tatu kwa miezi minane, na mara nyingi hata hizo kilo kumi hamkuzipima kwa mizani bali kwa chombo mnachokijua wenyewe. Nimesimama kwenye mizani nikaona wazee wenye shamba la ekari tano wakileta kiroba kimoja chamani, mengine yote yameshakwenda usiku kwa pikipiki.

Marehemu aliyekukopesha unga wa elfu kumi mwezi wa pili alipokea elfu kumi mwezi wa kumi na moja. Faida yake ilikuwa ileile iliyomo kwenye bei ya unga, ambayo hata mwenye fedha taslimu aliilipa. Hakugusa gunia la mtu.

Mtaniuliza, mtaji je? Swali zuri, na mngemwuliza yeye akiwa hai angewajibu. Tangu stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa kuweka korosho ghalani na kupewa risiti hadi ziuzwe, ilipoanza mkoani kwetu mwaka 2007, mkulima hapati fedha yake yote siku anayopeleka korosho, anasubiri mnada. Kwa hiyo na mwenye duka anasubiri. Yeye alisubiri kwa sababu wauzaji wa jumla wa Mtwara mjini walimpa mizigo kwa mali kauli, yaani auze kwanza alipe baadaye, na walimpa kwa sababu hakuwahi kutafutwa kwa deni. Msimu ule wa 2018, magari ya jeshi yalipokuja kubeba korosho na malipo ya wengine yakachelewa, rafu zake zilibaki nusu. Hakuzima simu. Alipanda basi siku tano kabla ya tarehe ya ahadi, akampelekea tajiri wake kiasi alichokuwa nacho na lile daftari lenyewe, akamwonyesha nani anadaiwa nini. Tajiri alimwongezea muda, na juu yake akampa katoni za sabuni. Wanangu, ukiona ahadi itakushinda, nenda mwenyewe kabla hujafuatwa. Nenda na karatasi.

Ya kujitolea kwake mmeyasimulia vizuri, sitayarudia yote. Kamati ya shule, uji wa watoto, yale tunayajua. Nitataja maji tu, kwa sababu wadogo mmezaliwa mabomba yakiwa yamesogea. Juu ya mlima huu wa Makonde hakuna mto. Mama zenu walishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani tangu usiku. Yeye aliezeka duka kwa bati, akaweka mfereji, akachimba kisima cha kuvunia mvua. Kiangazi aliuza ndoo, ndiyo, aliuza, kwa sababu saruji ya kisima ilimgharimu na alitaka irudi. Ila mwenye mgonjwa hospitalini na mwenye msiba walichota bure, na hao nao aliwaandika, ukurasa wa nyuma, ili ajue kila kiangazi ni ndoo ngapi azitenge. Hivyo ndivyo alivyotoa. Alijua kiasi chake, akakitenga mapema, ndipo akakitoa bila kusita.

Kuna watu wamefurahi kwamba deni limekufa na mwenye nalo. Halikufa. Ni haki ya warithi. Daftari lipo dukani kwa binti yake mkubwa, na mimi nimeshakwenda: jina langu lilikuwa na shilingi 4,500 za sabuni na chumvi. Alinikatia mstari kwa kalamu nyekundu kama mama yake alivyofanya, akampa mjukuu niliyefuatana naye pipi moja, kama mama yake alivyofanya. Nendeni. Asiyekuwa nayo yote aende na alichonacho aseme lini atamaliza. Na ninyi wenye kangomba, mnazo karatasi za watu mifukoni mwa makoti. Zigeuzeni ziwe shilingi mlizotoa kabla korosho hazijaanza kudondoka. Mkishindwa kuzihesabu, njooni barazani kwangu, nitakaa nanyi hata usiku, wala sitamwambia mtu.

La mwisho ni jora la bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda. Kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya katoni za mishumaa, alikuwa na jora lisilouzwa. Msiba ukimkuta mtu hana kitu, sanda ilikatwa pale, na karafuu maiti ikatoka kwenye kopo la pembeni. Kwa Wakristo alitoa shuka na misumari ya jeneza. Sanda yake mwenyewe, vipande vyote vitano, imekatwa kwenye jora hilo. Jumatatu nilipanda ngazi nikalipima kwa mkono. Kilichobaki kinamtosha mtu mmoja, tena asiwe mrefu. Natafuta wenzangu watano wa kununua jora jipya. Mimi ni wa kwanza, fedha yangu iko kwa binti yake, imeshaandikwa.