Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyepangiwa kitengo: usiwaulize wanataka kuwa nani

Mdogo wangu,

Salamu tulishazimaliza kwenye simu, kwa hiyo ile ya "mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali" nairuka, nakwenda moja kwa moja kwenye swali lako. Mwalimu mkuu anataka watoto wa kitengo, yaani wanafunzi wenye ulemavu, waandae kitu cha picha na sauti kuhusu ndoto zao, kionyeshwe siku ya wazazi. Una wiki sita, simu moja, na watoto kumi na wawili ambao nusu yao hawasemi kwa mdomo. Nakujibu hadharani kwa sababu walimu wa vitengo wanaotupiwa kazi hiyo bila maelekezo ni wengi.

Kabla hujagusa kamera, liache lile swali la "ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?" Linamtaka mtoto ajue majina ya kazi, aione miaka kumi na tano mbele, tena aamini kwamba kuna mtu atamwajiri. Mwenye ulemavu wa akili atakujibu "daktari" kwa kuwa alimsikia mwenzake akilisema akapigiwa makofi. Utamvalisha koti jeupe, utampiga picha, wazazi watafuta machozi, na hakuna atakayeondoka pale akimjua mtoto yule zaidi ya alivyokuja.

Muulize siku yake. Ukiamka, uko nyumba ya nani? Chai kapika nani? Unatoka kwenda wapi, kwa miguu au kwa bodaboda? Mikono inashika nini mchana kutwa? Jioni umekaa na nani? Na kipi hukitaki kabisa? Kila swali hapo lina picha yake. "Mafanikio" hayana picha.

Wala si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unasema katika kifungu cha 7 kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na apewe msaada unaolingana na ulemavu wake na umri wake ili haki hiyo aitumie kweli. Kazi yako iko kwenye huo msaada.

Wiki ya kwanza usirekodi chochote. Zunguka mtaani, omba ruhusa, piga picha kama 40: fundi cherehani, genge la nyanya, mama lishe, kinyozi, banda la kuku, fundi baiskeli, msikiti, kanisa, stendi, chumba chenye kitanda kimoja, chumba chenye vitanda vitatu, mtoto mchanga, mbuzi, simu. Kila picha iwe na kitu kimoja tu, na nyuma yake pawe patupu. Usipakue vikatuni mtandaoni. Mtoto anayemjua mkulima wa jembe hatamtambua mzungu juu ya trekta. Zisafishe studio kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, kisha zifunike kwa selotepu pana, maana zitashikwa na mikono yenye uji. Hakikisha angalau picha tano zinaonyesha mtu mzima mwenye ulemavu akiwa kazini: kiziwi anayeshona, asiyeona anayeuza vocha. Asichowahi kukiona hawezi kukichagua. Kwa mtoto ambaye picha bado haimwambii kitu, tumia kitu chenyewe: kibiringo cha uzi, unyoya wa kuku, kipande cha sabuni.

Kisha tandika mkeka. Nasema mkeka kweli, ule wa ukili, au kipande cha zulia. Ugawe pande tatu: napenda, sijui, sitaki. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskochi, ndio walioijengea njia hii utaratibu na kuipa jina la Talking Mats, ila mkeka haukuwasubiri wao. Toa picha moja moja, uliza "hii je?", halafu hesabu moyoni mpaka kumi bila kusema neno. Mwenye mtindio wa ubongo mpe hata ishirini. Walimu wengi hushindwa hapo hapo: sekunde ya tatu wanarudia swali, mtoto anaanza kulisikiliza upya, ya sita wanamjibia.

Utaona picha zote zinarundikwa upande wa "napenda". Usifurahi. Watoto hawa wamezoezwa kukubali kila anachosema mkubwa. Wengine huchagua kilichotajwa mwisho, wengine upande ule ambao mkono wao unafika. Basi mtegee. Anza na kitu unachojua anakichukia, mfano bomba la sindano. Siku nyingine geuza mkeka, "sitaki" iwe kulia. Jibu lililosimama siku mbili tofauti, pande zikiwa zimegeuzwa, ndilo jibu. Kila mkeka ukimalizika, upige picha kutoka juu, uandike tarehe. Picha hizo utazitumia kwenye filamu yenyewe.

Na tafadhali, usimshike mtoto mkono "kumsaidia" kunyoosha kidole. Njia hiyo ilipimwa kisayansi miaka ya 1990, na ikaonekana mara kwa mara kwamba majibu yalikuwa ya yule aliyeshika mkono. Sogeza picha, inua meza, mpe kijiti cha kuelekezea. Mkono wako weka mfukoni.

Kuna jambo moja litakalokushtua. Picha ya kitanda, au ya mtu fulani, itarudi upande wa "sitaki" kila siku, na mtoto atabadilika akiiona. Hapo filamu imekwisha. Usihoji, usirekodi, andika ulichoona, peleka kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto.

Kupiga picha, apige mtoto. Asiyeweza kubonyeza kioo mtengenezee kitufe. Kwenye simu nyingi, kamera ikiwa wazi, kitufe cha kuongeza sauti kinapiga picha, na kile cha kwenye waya wa hedifoni kinafanya vivyo hivyo. Chukua hedifoni za waya zenye vitufe vitatu, kile kipande chenye vitufe kibandike juu ya kipande cha ubao kwa selotepu, vitufe vitazame juu. Kata kipande cha ufutio ukubwa wa punje ya hindi, kigandishe kwenye kitufe cha kuongeza sauti peke yake. Funika kwa mfuniko wa ndoo ya lita 10: upande mmoja ufunge na ubao kwa kitambaa na gundi kama bawaba, upande wa pili weka chini yake kipande cha sponji ya godoro ili mfuniko ujiinue wenyewe. Mtoto atabonyeza kwa ngumi, kiwiko au kisigino. Sponji ikiwa nyembamba mfuniko hauinuki, na simu itafyatua picha thelathini mfululizo. Ufutio ukikaa kwenye kitufe cha katikati, utasikia muziki badala ya picha. Simu ikivuta picha karibu badala ya kupiga, ingia mipangilio ya kamera, ubadilishe kazi ya kitufe cha sauti. Simu yenyewe ifunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kwenye chupa ya lita moja na nusu iliyojaa mchanga, na uiweke hali ya ndege, maana kuna shangazi hupiga simu katikati ya sentensi nzuri.

Kwa viziwi, simu ilale upana. Fremu ianzie kiunoni, ipite kichwa kidogo, na viwiko vipate nafasi pande zote. Ishara iliyokatwa na ukingo wa picha ni neno lililokatwa. Nyuma tundika kitambaa kisicho na maua, rangi isiyofanana na ngozi wala shati. Dirisha liwe mbele ya mtoto. Likiwa nyuma yake utapata kivuli kinachopunga mikono. Wakati wa kuhariri usifunike mikono kwa picha ya cherehani; picha ikae kando yake. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, kwa hiyo maandishi ya chini yawe Kiswahili kamili, lakini yakishaandikwa mpe mkalimani mwingine amrudishie mtoto kwa alama. Mtoto akikunja uso, umeandika maneno yako. Na kama kaja shuleni na ishara za nyumbani tu, muite dada yake, yeye ndiye kamusi.

Asiyeona mwachie sauti. Arekodi sauti nane za siku anayoitaka, sekunde 6 hadi 10 kila moja, na aseme mwenyewe kati yake. Simu ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, ivalishwe soksi safi kuzuia upepo. Chumba kitupu chenye bati kinarudisha mwangwi; stoo ya magodoro ndiyo studio. TalkBack, ile programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo, kwenye simu nyingi za Android huwashwa kwa kubonyeza vitufe vyote viwili vya sauti pamoja sekunde tatu, ukishairuhusu kwenye mipangilio, na mtoto ataendesha kinasa sauti mwenyewe. Siku ya wazazi kazi yake ichezwe kioo kikiwa cheusi. Usimbandikie picha ulizochagua wewe.

Wenye usonji usiwalazimishe kutazama lenzi. Wapige picha za vitu. Akileta picha arobaini za magurudumu ya mabasi, zipange. Kondakta, fundi gereji na muosha magari wote wamo mle ndani.

Wenye ualbino wapige picha na kupigwa picha kivulini, bila flashi, mwanga wa kioo ukipunguzwa, na siku ya maonyesho wakae mbele. Nje ya ukumbi, sura yao, jina lao na jina la shule visikae pamoja kamwe. Sababu unazijua: wapo wanaowawinda, hasa huko Kanda ya Ziwa.

Kuhariri kusikuchukue muda. Kila mtoto dakika moja na nusu inatosha: picha 6 hadi 8, kila moja kama sekunde 6, zilizobaki ni sauti au alama zake. Muziki usipite juu ya maneno, maana anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia atapata kelele tupu. Mbwembwe za picha kuwakawaka ziache. Mwanga unaomweka zaidi ya mara 3 kwa sekunde unaweza kumwangusha mwenye kifafa. Rekodi kwa ubora wa 720p, kwa kuwa ule wa juu zaidi, 1080p, unakula MB 130 hivi kwa dakika na simu yako itajaa siku ya pili. Hifadhi kama MP4. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama hati, la sivyo picha itafifia na maandishi hayatasomeka. Ijaribu kwenye televisheni ile ile, siku moja kabla.

Mtoto aione kabla ya mtu mwingine yeyote. Simamisha kila picha, gumba juu au gumba chini. Anachokikataa kinatoka, hata kama ndicho kilichokutoa jasho.

Mzazi asaini au aweke dole gumba kwenye fomu yenye visanduku vitatu: darasani, shuleni, nje ya shule. Wengi hutia saini wakidhani ni ya darasani, kesho wanamwona mtoto wao kwenye ukurasa wa mfadhili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti, kwa hiyo fomu si mapambo. Zima pia huduma ya kuonyesha mahali (location) kwenye mipangilio ya kamera, picha zisibebe ramani ya shule.

Wazazi nao waite mmoja mmoja wiki moja kabla. Kuna binti atakayesema anataka kuishi peke yake, kuna kijana atakayeonyesha anataka mke. Baba akilisikia hilo mara ya kwanza mbele ya watu mia mbili, atasimama. Akilisikia ofisini, atauliza maswali, na maswali hayo ndiyo unayoyahitaji. Usikate kipande ili kumfurahisha.

Ikiisha, filamu iingie kwenye jalada la mpango wa elimu wa mtoto huyo, pamoja na picha za mikeka na tarehe zake. Akifika umri wa ufundi, iende naye chuo cha ufundi stadi cha VETA au Chuo cha Ufundi Yombo kule Dar es Salaam. Akitimiza miaka 18, kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo ndani yake asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, na kikundi kinachoweza kuonyesha kinataka kufanya nini hakianzii sifuri. Mwakani tandika mkeka upya bila kumwonyesha majibu ya zamani. Akibadilika, faili la mwaka huu lisichezwe tena kama ndilo yeye.

Hedifoni nne za waya nakutumia na basi la Jumamosi, zimo ndani ya bahasha ya kaki pamoja na roli mbili za selotepu pana. Mifuniko ya ndoo tafuta huko huko, na nipigie ukishajua ni wangapi watakaotumia kisigino, kwa sababu ubao wao lazima upigiliwe misumari sakafuni au kwenye kigoda, ukiuacha hivi hivi utateleza.

Kaka yako